Nyumba imeuzwa, kabati limebaki: ni nani atalibeba?

Goma. Siku ya kuhama, vitu vya nyumba vinatoka kwa mpango ule ule karibu katika kila mtaa wa mji huu. Kwanza matela na vitanda, kisha televizioni iliyofungwa ndani ya blanketi, kisha sufuria, mbabula na mifuko ya nguo. Fuso ikikosa njia ya kuingia katika avenyu yenye mawe ya volkano, chukudu zinaitwa. Jioni mama anafagia saloni, watoto wanatafuta viatu vyao, na mkubwa wa familia anasimama mbele ya chumba cha mwisho akiangalia vile ambavyo havikuingia kwenye gari: kabati kubwa la marehemu baba, frigo iliyokufa zamani, masanduku mawili ya makaratasi, matairi, mlango wa zamani, bidoni zilizopasuka. Anafunga kwa kufuli. Anamgeukia mnunuzi na kusema maneno ambayo wanunuzi wengi wa nyumba wa Goma wanayajua: "Mama, mutuchungie hivi vitu, tutakuya kuvibeba posho ijayo."

Mnunuzi anakubali. Atasema nini? Ametoka kuhesabu pesa mbele ya watu, bado anawaona wauzaji kama wageni wenye majonzi, na kumkatalia mtu chumba kimoja kwa siku saba kungeonekana ni roho mbaya. Komisioneri naye ana haraka ya asilimia yake. Shefu wa avenyu amekwisha kutia sahihi na muhuri, amepewa chake, amerudi nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyeingia ndani kuangalia ni nini kimebaki. Wanaachana kwa kupeana mikono.

Zoezi hili limekuwa la kawaida mpaka watu hawalioni tena kama kosa, na lingefaa kuitwa kosa. Muuzaji anayeacha vitu vyake ndani ya nyumba aliyokwisha kulipwa hajamaliza kuuza. Ameweka mguu mlangoni, na anayeumia ni yule aliyetoa pesa zote.

Kisa kimoja cha mtaa wa Keshero kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo mengi. Mama mmoja mwuza sambaza, pamoja na mumewe, walinunua nyumba ya mbao ya vyumba vinne, na nyuma yake anekse ya vyumba viwili. Waliouza walikuwa warithi sita wa mzee aliyefariki. Pesa ziligawanywa siku ile ile, kila mtoto akachukua sehemu yake na kwenda upande wake. Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu vitu vya mzee havikugawanywa. Kabati lake, radio yake, masanduku yake, mashini ya kushona ya mama yao aliyetangulia, vyote viliingizwa katika chumba kimoja cha anekse. Ufunguo alibaki nao mtoto wa kwanza, ambaye alikuwa anaishi Butembo.

Posho ijayo ikapita. Mwezi ukapita. Namba ya simu waliyoachiwa ikawa haiiti tena. Mvua za Septemba zilipoanza, manjanja ya anekse yakavuja juu ya chumba kile kilichofungwa, na maji yakaanza kupita chini ya ukuta wa mbao kuingia katika chumba cha pili ambamo watoto wa yule mama walikuwa wanalala. Fundi alikuja, akaangalia, akasema hawezi kurekebisha bila kufungua. Mama akaenda kwa shefu wa avenyu. Jibu la shefu lilikuwa fupi: usivunje kufuli ya mtu, watakuja kukushitaki. Alikuwa anamwambia ukweli. Lakini yeye ndiye aliyetia sahihi siku ya mauzo bila kuuliza kwa nini kuna kufuli katika nyumba iliyokwisha kulipwa.

Miezi 14 ilienda hivyo. Chumba kama kile kingeweza kupangishwa kwa dola 30 kwa mwezi. Hesabu si ngumu, ni dola 420, na kwa mwanamke anayenunua sambaza ufukoni alfajiri na kuziuza kwa kikombe, pesa hizo ni masomo ya watoto. Hakuna aliyemlipa hata senti kwa kuwa mlinzi wa mali ya wengine.

Siku moja mtoto wa kwanza akafika na wadogo zake wawili. Hawakuwa na karatasi yoyote. Orodha ilikuwa kichwani. Kufuli ikafunguliwa. Ndani kulikuwa na harufu ya panya na ya nguo zilizooza. Kabati lilikuwa limevimba kwa maji, masanduku yamejaa makaratasi yaliyoshikana kama mkate. Mashini ya kushona haikuwepo. Kijana mmoja akauliza kwa heshima, lakini kila mtu alielewa anachosema: "Mama, mashini ya mama yetu iko wapi?"

Yule mama hakuwahi kuwa na ufunguo. Kufuli haikuvunjwa. Labda mmoja wa wale warithi sita aliichukua kabla ya kuhama, labda ilikuwa imeuzwa mzee angali hai. Haikujulikana na haitajulikana, maana hakuna mahali palipoandikwa kwamba mashini ile iliingia katika chumba kile. Maneno yakapanda sauti, majirani wakasimama kwenye uzio. Wote wakaenda kwa shefu, wakakaa saa tatu, na mwishowe yule mama akatoa dola 80 "kwa ajili ya amani". Soda za kikao alilipa yeye pia.

Ni desturi nzuri kumaliza mambo kwa mazungumzo kabla ya kupelekana polisi au tribinali, na Goma ingekuwa mji mgumu zaidi bila mashefu wanaojua kutuliza watu. Lakini katika kikao hicho amani ilinunuliwa na asiye na kosa. Na alipolipa, wengi pale kwenye uzio waliona kama amekiri. Hadi leo kuna watu katika avenyu ile wanaosema kwamba yule mama wa sambaza aliuza mashini ya yatima.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo. Katika mji uliopitia volkano na vita, kuzungumzia kabati lililosahauliwa kunaweza kuonekana kama mchezo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, na maelfu ya familia hazikubaki na kabati wala nyumba ya kuliweka. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano baadaye, wakati mkuu wa jimbo alipoamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamishwe, watu walitoka usiku wakielekea Sake, Rutshuru na Gisenyi wakiwa na mtoto mgongoni na mfuko mmoja mkononi. Januari 2025 wengi walikimbia tena, wengine wakiacha chakula mezani. Wakaaji wa Goma wanajua kabisa maana ya kuacha vitu nyuma.

Ndiyo maana haifai kuchanganya mambo mawili. Anayekimbia hana kosa kwa alichoacha. Jirani anayekuta nyumba yake wazi na kumlindia vitu vyake anafanya jambo jema, na yule anayevipora ni mwizi. Lakini anayeuza nyumba hakimbii. Amekuwa na majuma ya kutafuta mnunuzi, kubishana bei, kuita mashahidi, kuhesabu dola moja moja akikataa zile zilizochanika. Mtu aliyepata muda wa kukataa noti yenye alama ya kalamu alikuwa na muda wa kutoa matairi yake.

Kuna maelezo mengine yanayostahili kusikilizwa zaidi. Katika Goma watu wachache wanauza nyumba kwa furaha. Wanauza kwa sababu ya ugonjwa, ya deni, ya mtoto aliye chuoni Kampala, ya kifo kilichofuatwa na ugomvi wa warithi. Siku ya kuhama kwao ni kama kilio cha pili. Mtu anaweza kutupa bidoni iliyopasuka, lakini hawezi kuamua juu ya kitanda ambacho baba yake alifia. Basi anakiacha pale pale, na kukiita "nitarudi kukichukua" ili asiseme "nimekiacha". Tena kuna ufukara wa kawaida: safari ya pili ya fuso ni pesa, na nyumba ya kupanga wanakohamia ina vyumba viwili tu, kabati la milango mitatu halitapita hata mlangoni.

Yote hayo ni kweli, na yanaeleza kwa nini vitu vinabaki. Hayaelezi kwa nini mzigo wa uchungu huo abebe mnunuzi, ambaye mara nyingi naye ameuza shamba kijijini au amekopa katika likirimba ya wamama wa soko ili apate paa.

Tena vitu vyenyewe vina hatari ambayo wauzaji wengi hawaifikirii. Makaratasi kwa mfano. Katika masanduku yale ya Keshero kulikuwa na kadi za uchaguzi za zamani, vyeti vya kuzaliwa, diplome ya serikali ya mmoja wa watoto, na fishi ya parseli nyingine kabisa ambayo mzee alikuwa nayo upande wa Mugunga. Katika nchi ambamo kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha watu wengi, na ambamo parseli moja inaweza kuuzwa mara mbili kwa fishi mbili, kuacha makaratasi kama hayo katika nyumba ya mtu usiyemjua ni kumpa silaha. Yule mama hakuyagusa. Mwingine angeyagusa. Na diplome iliyooza haipatikani tena kwa urahisi. Anayeihitaji atasafiri, atalipa, atangoja.

Na kuna jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Nyumba nyingi za Goma zimewahi kupangwa au kukaliwa na wanajeshi na polisi wa vipindi mbalimbali. Ukimwachia mnunuzi chumba kilichofungwa ambacho hajaona ndani yake, na siku ya msako kikakutwa na gunia lenye buti na tenu ya kijeshi, ni nani atakayeulizwa? Atakayeulizwa ni yule anayeishi hapo. Aeleze kwamba ni vitu vya watu walioahidi kurudi posho ijayo, mwaka jana. Katika mji huu na katika nyakati hizi, hakuna mtu anayetakiwa kulala katika parseli yenye chumba asichokijua.

Upande wa sheria, watu wengi wanadhani hakuna neno lililoandikwa juu ya mambo haya. Lipo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inajulikana zaidi kwa kusema kwamba ardhi ni mali ya serikali na raia anapewa haki ya kuitumia, yaani konsesio. Lakini sheria hiyo hiyo inatenganisha mali isiyohamishika na mali inayohamishika. Ukuta, paa, mlango uliofungwa kwa bawaba, sitene iliyojengewa, vyote hivyo ni sehemu ya nyumba na vinakwenda na nyumba. Kabati, frigo, kitanda na masanduku havikuuzwa mpaka iandikwe kwamba vimeuzwa. Kwa hiyo mnunuzi anayefikiri kwamba kila kilichobaki ndani ni chake anajidanganya, na anayekiuza sokoni Virunga anaweza kujikuta anashitakiwa kwa kula mali aliyoaminiwa.

Mambo ya mikataba bado yanafuata dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya wakati wa Leopold wa Pili, ambayo mpaka leo ndiyo inayotumiwa na mahakimu wa Kongo. Humo muuzaji anadaiwa mambo mawili: kukabidhi kitu alichouza, na kuhakikisha kwamba mnunuzi anakaa nacho kwa utulivu. Nyumba yenye chumba kilichofungwa kwa kufuli ya muuzaji haijakabidhiwa yote. Dekreti hiyo hiyo inamtaka anayepokea kitu cha kutunza akitunze kama anavyotunza vyake mwenyewe. Maana yake ni kwamba lile neno "mutuchungie", likijibiwa "hakuna shida", linaweza kumgeuza mnunuzi kuwa mtunzaji mwenye wajibu. Amejifunga kwa adabu yake, bila karatasi, bila mshahara na bila kujua anatunza nini.

Na kuna wauzaji wa aina ya pili, wanaofanya kinyume kabisa: hawaachi kitu, hata kile walichouza. Goma ni mji wa nyumba za mbao, na nyumba ya mbao inaweza kufunguliwa kwa nyundo. Mnunuzi ameona nyumba yenye milango sita, anarudi na funguo anakuta minne. Wameng'oa taa na waya wake, wameondoa manjanja ya jikoni, wamekata bomba la sitene. Ukiwauliza wanasema "vile tulivinunua sisi". Hata nyumba yote waliijenga wao, na ndiyo waliyoiuza! Ajabu ni kwamba mara nyingine familia ile ile inafanya yote mawili: inang'oa milango mizuri na kuacha frigo iliyokufa.

Vilevile kuna vitu vinavyoachwa visivyoonekana kwa macho. Deni la maji. Deni la umeme, pale ambapo kompteri si ya kulipa kabla. Mpangaji wa anekse ambaye hakuambiwa kwamba nyumba inauzwa, na aliyekwisha kumpa mwenye nyumba wa zamani garanti ya miezi sita. Huyo mpangaji siku ya kuhama anakuwa kama kabati: ameachwa pale, na mnunuzi atajua mwenyewe. Garanti yake imekwenda na muuzaji. Ni heri kabati, lenyewe halina watoto.

Nini kifanyike? Hakuna haja ya kungoja sheria mpya kutoka Kinshasa wala semina yenye kofia na fulana. Akti ya mauzo inayoandikwa kwa kawaida Goma inataja majina, bei, vipimo vya parseli, majirani wa pande nne na mashahidi. Iongezwe mistari michache tu: nyumba inakabidhiwa tarehe fulani ikiwa tupu, vitu hivi na hivi vinabaki na vimekuwa vya mnunuzi, vitu hivi vitachukuliwa kabla ya tarehe fulani, na baada ya hapo mnunuzi atafanya navyo anavyotaka. Milango ihesabiwe. Deni la maji na umeme liandikwe kwa nambari. Mpangaji aitwe, aelezwe garanti yake iko kwa nani.

Na pesa zisitoke zote kabla vitu havijatoka. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa, kwa woga kwamba wakichelewa mwingine ataitwa. Lakini hata muuzaji mwenye haraka sana anaweza kukubali kwamba dola 200 za mwisho azipokee mlangoni, baada ya mashahidi kupita chumba kwa chumba, anekse, choo na nyuma ya uzio. Dola 200 zinatosha kulipia safari ya pili ya fuso. Watu waliofanya hivyo wanajua jinsi kumbukumbu inavyorudi upesi: yule aliyesema gari limejaa anapata chukudu nne ndani ya nusu saa.

Wakina mama wanunuzi wanasema kwamba kudai hivyo kunawafanya waonekane wabishi, hasa mbele ya familia yenye msiba. Shida hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu dai hili halifai kutoka kwa mnunuzi peke yake. Litoke kwa shefu. Shefu wa avenyu, na yule wa nyumba kumi, wanapokea kitu katika kila mauzo. Wakipokea, basi wafanye kazi. Waingie ndani kabla ya kutia muhuri. Wakiona kufuli, waulize ufunguo. Shefu akisema "hapa kwetu hatutii sahihi mpaka nyumba iwe tupu", hakuna atakayemwita mnunuzi mbishi, na muuzaji atajua tangu mwanzo kwamba vitu vya mzee vinatakiwa kugawanywa kabla pesa hazijagawanywa. Makomisioneri nao, ambao siku hizi wanataka kuheshimiwa kama watu wa kazi, wangeweza kungojea asilimia yao mpaka siku ile ile.

Upande wa familia zinazouza, zile za warithi hasa, lingesaidia kuanzia na vitu vidogo. Ni rahisi kwa ndugu sita kukubaliana juu ya bei ya nyumba, maana dola zinagawanyika. Mashini ya kushona haigawanyiki. Ndiyo maana wanaifungia chumbani na kuahirisha ugomvi, kisha ugomvi unaendelea kuzeeka katika nyumba ya mtu mwingine. Kuna familia moja ya Himbi ambayo kabla ya kuuza ilikaa Jumapili mbili katika saloni ya marehemu mama yao, kila mtoto akachagua kitu kimoja, vilivyobaki wakawapa majirani na kanisa, na masanduku ya makaratasi wakayafungua karatasi moja baada ya nyingine. Walilia sana, inasemekana. Waliomnunulia hawakukuta hata msumari uliolegea.

Kuhusu mnunuzi aliyekwisha kunaswa, kama yule mama wa Keshero, njia iliyobaki ni ndefu lakini ipo. Aandike barua kwa muuzaji kupitia shefu wa mtaa, ataje tarehe ya mwisho, abaki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Siku ikifika bila jibu, chumba kifunguliwe mbele ya shefu na majirani wawili, kila kitu kiandikwe na kupigwa picha kwa simu, kisha kihamishiwe mahali pakavu. Asivunje kufuli peke yake usiku, hata akiwa na haki zote. Kwa barua kama hiyo angefungua baada ya mwezi mmoja, na dola 80 zisingetoka.

Yeye mwenyewe amejifunza. Siku ile ya kikao, wale vijana watatu walichukua radio na masanduku. Kabati halikuingia kwenye teksi waliyokuja nayo. Wakalisukuma mpaka chini ya mti wa avoka, na mkubwa wao akaanza kusema kwamba watakuja kulibeba posho ijayo. Yule mama akamwita binti yake aliye katika mwaka wa nne wa humanite, akamwambia alete daftari. Binti akaandika tarehe, akaandika "kabati moja la milango mitatu, limevimba", akaandika siku 15, na kaka mkubwa akatia sahihi huku shefu akiangalia. Posho ya tatu imeanza. Kuku wamekwisha kuingia katika droo ya chini, na fundi wa mbao wa avenyu ya pili amepita mara mbili kuuliza bei.